Mzigo Lazima Ufike Ardhini

Ukitoka Tabora mjini kuelekea Kwihara, njia inapita kwenye mashamba na miembe mikubwa ambayo wenyeji husimulia kuwa ni ya zama za misafara. Mwisho wa safari hiyo fupi limesimama tembe walilokaa Livingstone na Stanley. Humo ndimo Livingstone alimotoka tarehe 25 Agosti 1872 kwenda safari yake ya mwisho. Wageni wengi hupiga picha mlango, husoma maelezo, kisha huondoka. Mimi kila nikifika pale hutazama juu, kwa sababu kinachonivuta katika tembe ni paa lake.

Paa la tembe ni bapa. Magogo hulazwa kutoka ukuta hadi ukuta, juu yake hupangwa fito, juu ya fito majani au maganda ya miti, na juu ya yote hushindiliwa udongo. Tuchukue udongo wa unene wa sentimita 25. Ukiwa mkavu, mita moja ya ujazo ina kama kilo 1,600, kwa hiyo kila mita ya mraba ya paa inabeba kilo 400. Mvua ikiuloweka, zinafika kilo 500. Chumba cha mita 3 kwa 4 basi kina tani 6 juu ya vichwa vya waliolala. Leo tukisanifu sakafu ya ghorofa ya makazi, uzito wa watu na samani tunaukadiria kuwa kilo 150 hivi kwa kila mita ya mraba. Fundi wa tembe alikuwa akibeba zaidi ya mara tatu ya hizo, kwa magogo na udongo mtupu.

Alijuaje kwamba litasimama? Alipanga magogo karibu karibu. Alifanya vyumba kuwa vyembamba. Chumba kilipohitaji kupanuka, alisimamisha nguzo ya mti katikati. Kuta alizinenepesha. Mwanafunzi wa uhandisi anayeandika milinganyo ya boriti anafikia maamuzi hayo hayo manne: punguza nafasi kati ya mihimili, fupisha urefu wake, iongezee mahali pa kuegemea, na hakikisha kinachoipokea chini kina uwezo. Tofauti ni kwamba fundi yule alilipia elimu yake kwa mapaa ya vizazi vilivyomtangulia, yakiwemo yaliyoanguka.

Nimesoma uhandisi wa miundo hadi shahada ya uzamili, na ningependa msomaji ajue tangu mwanzo kwamba fani hii huanza na mizigo kabla ya kufika kwenye majengo. Paa lina uzito, watu wana uzito, upepo unasukuma, maji yanabana, ardhi inatikisika. Kila mzigo lazima upite mahali hadi ufike ardhini: kutoka slabu kwenda kwenye boriti, kutoka boriti kwenda kwenye nguzo, kutoka nguzo kwenda kwenye msingi, na kutoka msingi kwenda kwenye udongo. Hiyo ndiyo njia ya mzigo. Ikikatika popote, mzigo haungoji ukarabati. Unajitafutia njia nyingine, na isipokuwepo, jengo linaanguka.

Mtu wa Tabora hapaswi kuona lugha hiyo kuwa ngeni, kwa kuwa mji wake ulikua juu ya njia ya mzigo. Kutoka Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, kupitia Unyanyembe, yaani eneo hili la Tabora, na Ugogo hadi Bagamoyo, pembe za ndovu zilishuka pwani huku vitambaa, shanga na nyaya za shaba zikipanda bara, vyote juu ya mabega na vichwa vya watu. Burton na Speke walipofika Kazeh, yaani Tabora ya wakati ule, Novemba 1857, waliikuta biashara hiyo imeshakomaa. Mzigo wa mpagazi ulikaribia frasila mbili, kama kilo 32. Pembe kubwa kupita kiasi ilifungwa kwenye mti ikabebwa na watu wawili. Mpagazi akiugua, mzigo wake ulilazimika kugawiwa wenzake, na kama wenzake nao walikuwa wamefika kikomo, msafara mzima ulikwama. Katika njia hiyo hiyo walipitishwa watumwa katika minyororo, na hatuna haki ya kuisifu biashara ile bila kuwataja. Mizigo ya dunia hubebwa na mtu fulani, na mara nyingi aliyebeba hakuulizwa.

Kisha ikaja reli. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma Februari 1914. Mabega yakapumzika, chuma kikapokea. Leo reli ya kisasa, SGR, inajengwa kuelekea huko huko: kilomita 368 kutoka Makutupora hadi Tabora, 165 kutoka Tabora hadi Isaka, na 506 kutoka Tabora hadi Kigoma, ikisanifiwa kubeba tani 35 kwa kila ekseli. Pamoja nayo yanakuja maghala, matenki ya maji, madaraja, shule za ghorofa na hoteli. Nchi ya magharibi inatwishwa tena, na safari hii mzigo ni mzito kuliko wowote uliowahi kupita Unyanyembe. Makandarasi watamaliza kazi, watakabidhi funguo na kuondoka. Miundo itabaki hapa kwa miaka 50, mingine 100. Nani atakayejua kuisoma inapoanza kuchoka?

Hoja yangu ni kwamba uzamili wa uhandisi wa miundo nchini kwetu unapaswa kuwa kwanza shule ya kusoma majengo na madaraja ambayo tayari tunayo, yaliyosimama juu ya udongo wetu na kujengwa na mafundi wetu. Na wanafunzi wake wanapaswa kuletwa mahali kama Tabora kuifanya kazi hiyo. Kwa jinsi nilivyoiona mimi, nguvu yetu kubwa bado iko kwenye kusanifu majengo ambayo hayajajengwa.

Sisemi hivyo kwa kudharau kinachofundishwa. Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzishwa mwaka 1973, wakati nchi ilikuwa na wahandisi wachache mno wa kwake, na kazi iliyofanywa tangu wakati huo inaonekana katika kila barabara tunayopita. Mwanafunzi wa uzamili wa miundo hukaa karibu miaka miwili akipita katika masomo magumu. Hujifunza jinsi miundo inavyotikisika, jinsi nguzo nyembamba inavyopinda na kukunjika kabla ya nguvu ya zege kuisha, na jinsi boriti ya daraja inavyobanwa kwa nyaya za chuma kabla ya kupokea gari la kwanza. Hujifunza pia kuligawa jengo katika vipande maelfu ndani ya kompyuta na kuiacha itatue milinganyo ambayo mkono wa binadamu usingeimaliza maisha yote. Mwishoni huandika tasnifu. Nayaheshimu masomo hayo, na bila hayo nisingekuwa na la kuandika leo.

Lakini niliingia darasani nikiwa na kitu kingine kifuani. Kabla ya uzamili nilifanya kazi saiti miaka mitano. Katika mradi mmoja, kwenye mji ambao sitautaja, nilisimama pembeni siku ya kumwaga zege la nguzo za chini. Jua lilikuwa kali, zege lilikuwa linakauka haraka, na vijana waliokuwa wakipandisha makarai walikuwa wamechoka. Fundi akaongeza ndoo ya maji kwenye mchanganyiko ili ulainike. Kisha nyingine. Nilijua kwamba kila ndoo ilikuwa ikila nguvu ya zege lile, kwa sababu maji yasiyohitajika na saruji huacha vitundu yakikauka. Nilijua, na nikanyamaza. Nilikuwa mdogo, mkubwa wangu alikuwa na haraka, na hakuna aliyependa kumsikiliza kijana anayesimamisha kazi.

Baada ya siku 28, vipande vya majaribio vilipovunjwa kwenye mashine, majibu yalikuwa chini sana ya yaliyotakiwa. Nguzo tatu zikabomolewa na kujengwa upya. Hakuna aliyeumia. Hata hivyo, kwa miezi mingi nilikuwa nikiamka usiku nikiwaza kuhusu majengo ambayo vipande vyake havikuvunjwa kwenye mashine, kwa sababu hakuna aliyevitengeneza. Ni swali hilo lililonirudisha chuo: ukikuta jengo limeshasimama, michoro yake haipo, fundi wake amehama, utajuaje linaweza kubeba nini?

Uzamili ulinipa sehemu ya jibu. Ulinifundisha kutoamini jibu la kompyuta kabla sijalikadiria kwa kalamu. Ulinifundisha kwamba nguvu ya kitu chochote si namba moja: matofali kumi ya tanuri moja yatavunjika kwa mizigo kumi tofauti, na kazi yangu ni kumlinda mtu atakayeishi chini ya lile dhaifu. Ulinifundisha kuandika nilichokiona kwa namna ambayo mwenzangu anaweza kwenda kukikagua. Hayo yote yanahitajika zaidi mbele ya ukuta uliopasuka kuliko mbele ya skrini, na kuta zilizopasuka Tabora hazihitaji kutafutwa.

Sote tumelelewa na methali isemayo usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni mausia mema, ila mwenye nyumba akiyafuata neno kwa neno huita fundi, fundi hupiga plasta, juu yake hupakwa rangi, na baada ya msimu mmoja ufa unarudi palepale. Mhandisi hana budi kuusoma ufa kabla ya kuuziba. Nyufa nyembamba kama nywele zilizotapakaa kwenye plasta ni za plasta kukauka, wala hazimtishi mtu. Ufa unaoshuka kwa ngazi kutoka kona ya dirisha, ukifuata udongo au saruji kati ya kozi za matofali, unakuambia kwamba upande mmoja wa nyumba unazama au unanyanyuliwa. Ufa wa kulala chini kidogo ya paa mara nyingi unatokana na jua linalotanua na kusinyaza zege la juu, au upepo uliojaribu kunyanyua paa. Ufa wa wima juu ya nguzo ya zege, wenye madoa ya rangi ya kutu, ni wa hatari nyingine kabisa: nondo ndani zinaoza, kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoiachia, na zege linapasuliwa kutoka ndani. Ukiuziba huo kwa plasta umefunika kidonda kinachooza.

Sasa weka nyufa hizo juu ya ardhi yenyewe. Ukitoka Tabora kwenda Nzega na Igunga unakutana na udongo mweusi wa mbuga. Mkulima wa pamba anaujua vizuri. Masika unanasa magurudumu, na kiangazi unapasuka mpaka mkono unaingia. Udongo huo huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, na nyumba iliyo juu yake hupanda na kushuka kila mwaka. Haipandi sawasawa. Kingo za nyumba hulowa na kukauka mapema, katikati hubaki na unyevu ule ule, na hivyo kuta zinapindwa mara mbili kwa mwaka mpaka zinakata tamaa kwenye kona za milango na madirisha. Dawa zipo: kuuondoa udongo huo na kuleta mwingine, kuchimba msingi upite kina ambacho unyevu hubadilika, kuzungushia nyumba sakafu ya zege ili maji ya paa yasizame kando ya ukuta, na kutopanda mti mkubwa jirani. Lakini ni kina gani kinatosha Igunga? Ardhi inanyanyuka milimita ngapi kati ya Oktoba na Machi? Haya yanataka mtu wa kuchimba mashimo, kupeleka udongo maabara, kuweka alama na kurudi kila mwezi kwa miaka miwili. Hiyo ni tasnifu ya uzamili iliyokamilika, na ingewafaa maelfu ya wajenzi.

Au tazama mapaa. Mababu zetu waliogopa paa kuwaangukia. Sisi tumeacha udongo tukaezeka mabati, ambayo kwa kawaida hayafikii kilo 5 kwa mita ya mraba, tukadhani tatizo la paa limekwisha. Limegeuka tu. Upepo wa kilomita 108 kwa saa, kiasi kinachoweza kutokea katika dhoruba za mwanzo wa masika, una msukumo wa karibu kilo 55 kwa kila mita ya mraba, na ukipita juu ya paa jepesi huweza kulivuta kwenda juu kwa nguvu ya kiasi hicho. Kilo 5 za bati hazishindani na 55 za upepo. Ndiyo maana kila mwaka tunasikia madarasa yameezuliwa na watoto wanasomea chini ya miti. Mzigo huu unakwenda juu, na wenyewe pia lazima ufungwe mpaka ufike ardhini: bati kwenye mbao, mbao kwenye kenchi, kenchi kwenye mkanda wa zege kwa nondo au bendeji ya chuma, na mkanda kwenye ukuta wenye uzito wa kutosha. Katika majengo niliyopanda kukagua, kiungo kilichokosekana mara nyingi kilikuwa kile kati ya kenchi na ukuta: misumari miwili mahali palipohitaji fungo la chuma la bei isiyofikia ya bati moja.

Nasema haya kwa uchungu kwa sababu tumeshalipa gharama kubwa. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam, mtaa wa Indira Gandhi, lilianguka na kuua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo, watu wakiwa ndani na biashara zao, na zaidi ya 20 wakapoteza maisha. Nchi nzima ilifuatilia sauti za waliokuwa chini ya vifusi. Kila mara baada ya msiba kama huo tunauliza nani alitoa kibali. Ni swali la haki. Ningeomba tuongeze la pili: ni wangapi kati yetu wenye ujuzi wa kuingia katika jengo lililosimama miaka 20, kulipima, na kumwambia mwenye nalo kwa ushahidi kwamba watu watoke?

Upande wa magharibi kuna jambo jingine. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilitikisa Kagera, likaua zaidi ya watu 15 na kubomoa maelfu ya nyumba, nyingi zikiwa za matofali yasiyofungwa kwa mikanda ya zege. Tarehe 5 Desemba 2005 Ziwa Tanganyika lilitikiswa na tetemeko la 6.8, na Kalemie upande wa Kongo ikaumia. Tabora yenyewe imekaa juu ya mwamba wa kale uliotulia kwa kiasi, lakini reli yake na barabara zake zinakwenda moja kwa moja kwenye Bonde la Ufa. Na vitabu vya kanuni tulivyovirithi vilitoka Uingereza, nchi isiyosumbuliwa na matetemeko. Kanuni ya zege ya BS 8110, ambayo vizazi vya wahandisi wetu vimeikariri, haina mwongozo wa tetemeko, na Waingereza wenyewe waliiondoa mwaka 2010 wakahamia kanuni za pamoja za Ulaya. Kanuni ni kumbukumbu ya yaliyowapata watu wa nchi fulani. Yaliyotupata sisi bado hatujayaandika yote.

Je, mwanafunzi anaweza kubadilisha chochote? Mwaka 1978 Diane Hartley, mwanafunzi wa Princeton aliyekuwa hata hajafika uzamili, alichagua kuandika tasnifu juu ya jengo halisi la ghorofa 59 lililokuwa limekamilika New York mwaka mmoja nyuma, la benki ya Citicorp. Alipohesabu upepo unaopiga kwa pembe, ukigusa kona badala ya uso wa jengo, aliona nguvu kubwa kuliko alivyotarajia, akauliza ofisi ya wasanifu. Mhandisi mkuu, William LeMessurier, alipolirudia jengo lake mwenyewe mwaka huo akagundua kwamba viungo vyake vilivyofungwa kwa bolti badala ya kuchomelewa visingehimili dhoruba kali. Mafundi walichomelea vyuma usiku kwa usiku hadi jengo likawa salama. Lile lilikuwa jengo la mabingwa katika mji wa matajiri, na bado lilihitaji mtu mdogo wa kulitazama upya.

Basi tufanye nini? Kwanza, vyuo vithamini uzoefu. Bodi ya Usajili wa Wahandisi tangu mwaka 2003 ina mpango wa kuwalea wahitimu kazini kabla ya kusajiliwa. Mhitimu aliyepitia miaka hiyo akija uzamilini huja na maswali, na mwenye maswali hufundishika. Pili, sehemu ya tasnifu za kila mwaka zielekezwe kwenye miundo iliyopo nje ya Dar es Salaam: stesheni ya Tabora iliyotumika zaidi ya karne, mabani ya kukaushia tumbaku ya Urambo na Sikonge ambayo moto huyachosha kila msimu, madarasa ya matofali ya kuchoma, Daraja la Mbutu la Igunga lililojengwa na muungano wa makandarasi wa Kitanzania. Tatu, halmashauri zifungue milango. Michoro ya majengo ya umma ihifadhiwe mahali pamoja, na mwanafunzi mwenye barua ya chuo asizungushwe miezi mitatu ili aruhusiwe kupima nguzo.

La nne ndilo naliona zito kuliko yote. Tasnifu zetu huandikwa kwa Kiingereza, hufungwa kwa jalada gumu na kukaa rafuni. Anayemwaga zege Nzega hatazisoma kamwe. Kila tasnifu ingepaswa kuambatana na kurasa mbili za Kiswahili chepesi, zenye michoro, zinazomwambia fundi: kwenye udongo huu chimba hivi, kenchi ifunge hivi, maji usizidishe hapa. Wenzetu wa kilimo wamekuwa wakimfikishia mkulima utafiti kwa lugha yake kwa miaka mingi. Mjenzi naye anastahili. Njia ya ujuzi ni kama njia ya mzigo: ikikatikia maktabani, haijafika ardhini.

Wapo watakaosema nchi inahitaji mafundi sanifu wengi zaidi kuliko wenye shahada za uzamili, na kwamba fedha ziende huko. Nakubali kwamba mafundi sanifu hawatoshi, na nimefanya kazi na baadhi yao walionifunza kuliko vitabu. Lakini fundi sanifu hutekeleza kanuni, na lazima awepo mtu wa kuitengeneza kanuni inayofaa udongo wa mbuga na upepo wa Unyanyembe. Tusipomwandaa sisi, tutaendelea kununua kanuni zilizotungwa kwa ardhi ya watu wengine, na kuagiza wakaguzi kutoka nje kila daraja likionyesha ufa. Watu wachache, waliosomeshwa vizuri na kupelekwa mahali panapowahitaji, wanatosha kuanzia.

Shangazi yangu anaishi Ng'ambo, hapo Tabora mjini, katika nyumba ya matofali ya kuchoma aliyoijenga na marehemu mumewe kidogo kidogo. Miaka miwili iliyopita ufa ulijitokeza kutoka kona ya dirisha la chumba chake. Alishanunua saruji ya kuuziba nilipofika kumsalimu. Nilimwomba asubiri. Nikachukua penseli, nikachora mistari miwili midogo kukata ufa, mmoja juu na mwingine chini, nikapima upana wake kwa rula na kuandika tarehe ukutani. Kisha nikamwonyesha jinsi ya kupima.

Tangu siku hiyo, kila mwanzo wa mwezi huvaa miwani yake, husimama mbele ya ukuta na kunipigia simu. Masika ya kwanza ufa uliongezeka milimita 2. Tukachimba mfereji kuyapeleka mbali maji ya paa yaliyokuwa yakimwagikia kwenye msingi. Masika ya pili haukusogea hata kidogo. Mwezi uliopita alinisomea namba ile ile ya mwaka jana, akanyamaza kidogo, akauliza, "Sasa mwanangu, huu ufa unatuambia nini?"

Nilimwambia kwamba ardhi imetulia, na kwamba sasa anaweza kumwita fundi auzibe.